Maiki Moja Ndani ya Ngoma ya Mguu

Siku hizi mtu akinipigia simu kuniomba nikarekodi kwaya yenye drams, siulizi kwanza ni nyimbo ngapi, wala kama umeme wa kwao hauna mchezo. Nauliza ngozi zake ni za dukani au za mbuzi. Wengi hucheka, wanadhani fundi wa Mbinga anatania. Sitanii. Nimechoka, na sehemu kubwa ya uchovu huo inatokana na kosa moja nililolifanya kule ziwani, mchana kweupe, mbele ya kamati nzima ya kwaya.

Kazi yangu ni sauti. Nina chumba kimoja mjini, nyuma ya banda la mchomelea vyuma, ukutani nimebandika magodoro ya zamani na mablanketi. Hapo narekodi wakati jirani anakunywa chai, kwa sababu akianza kusaga bomba hakuna maiki inayomstahimili. Siku nyingine napiga muziki kwenye harusi, mikutano, mahafali na misiba. Sikio langu la kulia linapiga mluzi tangu harusi moja ya Kitai, ambako bwana harusi alitaka spika zisikike mpaka ng'ambo ya barabara. Zilisikika. Mluzi ule haujanyamaza mpaka leo, na mke wangu akitaka jambo la maana anakuja kukaa kushoto kwangu.

Mwenyekiti wa kwaya ile ya ziwani ni mama anayekaanga samaki sokoni, na alinieleza habari yote kwenye simu huku nikisikia mafuta yanachemka. Parokia yao ilikuwa inakaribia jubilei. Walitaka albamu. Kamati ilikuwa imegawanyika: nusu wanataka drams zao zilezile, nusu wanataka midundo ya kinanda, ile unayobonyeza kitufe inajipiga yenyewe. Wamekubaliana hivi, warekodi kwa drams kwanza. Zikisikika safi, mpigaji wao ataendelea. Zikisikika vibaya, drams zinaingia stoo na kinanda kitafanya kazi zote, kwenye albamu na kwenye ibada za Jumapili. Akamalizia kwamba mimi ndiye hakimu. Sikuwa nimeomba uhakimu wowote.

Nilishuka na gari la kukodi, mikisa, ile mashine ya kuchanganyia sauti, nimeipakata kama mgonjwa. Huku juu nilikuwa nimevaa koti, kule chini niliteremka nikiwa na shati limenata mgongoni. Usiku uliotangulia mvua ilikuwa imenyesha, na hewa ya ziwa ilikuwa nzito, ya kunywewa kuliko kuvutwa.

Kanisa lao ni la matofali ya kuchoma, bati juu, saruji chini. Ukipiga kofi moja unarudishiwa matatu. Kwa mpigaji wa drams hiyo ni raha, anasikia amekuwa watu wanne. Kwa maiki ni balaa. Nikaomba mikeka, mablanketi, chochote kizito. Akina mama walileta mikeka kumi na kitu, wanaume wakaleta nyavu chakavu, tukazirundika nyuma ya drams mpaka usawa wa kifua. Mpaka leo sijapata kitu kinachomeza mwangwi kama nyavu kuukuu, ila vifuniko vya maiki zangu vilinuka samaki kwa mwezi mzima.

Mpigaji mwenyewe alikuwa ameshafika. Mzee wa miaka sitini au karibu na hapo, aliyekuwa mvuvi mpaka mgongo ulipomkatalia. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaendelea kufuta matoazi kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Alivua kandambili kabla ya kukaa. Ngoma ya mguu, ile kubwa ya chini inayopigwa kwa pedali, huipiga akiwa peku.

Nilipoinama kuitazama ngoma hiyo nikaona kwamba upande unaopigwa una ngozi ya mbuzi. Ile ya plastiki ilipasuka zamani. Waliagiza nyingine mjini, wakaahidiwa, wakasubiri, na alipochoka kusubiri akaloweka ngozi, akaivuta kwenye pete ya chuma ya kiwandani, akakaza skrubu zilezile. Kwa mbele ngoma ilibaki na plastiki yake yenye tundu la kuingiza maiki. Kwa mbali huwezi kujua. Ilikuwa kazi safi na nilimwambia hivyo.

Tulipokuwa wawili tu, mimi nikipima kamba, yeye akishika ncha, akaniambia yaliyokuwa moyoni mwake. Hakunibembeleza. Alisema amekaa kwenye kile kigoda tangu ndevu zake zilipokuwa nyeusi, na kwamba hajawahi kukaa kwenye benchi la kanisa hata siku ya msiba wa mkewe, kwa sababu hata siku hiyo alipiga.

"Nikitoka pale, fundi," akasema, "Jumapili nitakaa wapi?"

Nikamwambia hatatoka. Nilisema haraka, kama mtu anavyosema pole.

Nilikuwa na maiki tano. Ya kwanza niliiingiza kwenye lile tundu la ngoma ya mguu, ikakaa shubiri moja na nusu kutoka kwenye ngozi, nimeiinamisha kidogo pembeni isitazamane uso kwa uso na kirungu cha pedali. Ukiisogeza karibu sana unapata kishindo cha kirungu bila tumbo la ngoma, ukiirudisha nyuma sana unapata tumbo bila kishindo. Ya pili niliiweka kwenye ngoma ndogo ya katikati ya magoti, vidole viwili juu ya ukingo, imeelekezwa katikati ya ngozi. Ya tatu ilisimama kati ya ngoma mbili za juu. Mbili zilizobaki zilitakiwa kuning'inia juu ya kichwa chake ili zisikie matoazi na drams zote kwa pamoja. Stendi yangu ndefu ilikuwa imevunjika, hivyo tulifunga kasia kati ya ngazi mbili, tukazifunga maiki kwenye kasia. Kisha kwa kamba ya nyavu nikapima kutoka ngoma ndogo hadi maiki ya kushoto, na kipimo hichohicho hadi ya kulia. Zikipishana, sauti moja inafika kabla ya nyingine na zinaanza kuumana. Mzee alifurahi kuona kamba. Alisema kumbe na huku kuna kupima kina.

Sauti inaingia kwenye mikisa kama maji kwenye ndoo. Ukifungua bomba kidogo mno, utapata maji ya chini yenye mchanga. Ukifungua mno, yanamwagika. Kila waya una kitufe chake cha kufungulia, na juu yake vitaa vitatu, kijani, njano na nyekundu. Kijani ni kazi nzuri, njano ni uangalifu, nyekundu ni kumwagika. Na sauti, kama yalivyo maji, ikimwagika haizoleki.

Basi katibu wa kwaya alikuja kukaa ubavuni pangu na macho yake hayakuondoka kwenye vile vitaa. Kila chekundu kilipopepesa wakati wa majaribio aliuliza, "Fundi, imeharibika?" Nikamweleza kwamba tunajaribu tu. Akaelewa. Kikapepesa tena, akauliza tena. Kufikia saa nne nilikuwa nimeulizwa mara zisizohesabika, na kichwa kilianza kuniuma upande wa mluzi. Nikachukua plasta kwenye kisanduku changu cha huduma ya kwanza, nikaviziba vile vitaa vyekundu kimoja baada ya kingine. Katibu akatulia. Na mimi nikatulia, na hapo ndipo kosa lilipoanza.

Asubuhi ile drams hazikukubali. Ngozi ya mbuzi ilikuwa imekunywa unyevu wa usiku na kulegea, ikawa inalia bufu, bufu, kama mtu anapiga gunia la mihogo. Mzee alijua, alikaza skrubu mpaka mwisho wake. Mwalimu wa shule ya msingi ambaye ndiye mpiga kinanda, kijana mstaarabu asiye na ubaya wowote, alibonyeza kitufe chake mara moja tu ili mimi nipime sauti ya kinanda. Du, du, du, du. Safi, imenyooka. Niliona macho ya kamati yakienda kwenye kinanda na kurudi kwa mzee. Mama mwenyekiti akashusha pumzi.

Nikafanya nilichoweza kwa upande wangu. Nikafungua kitufe cha ngoma ya mguu, nikafungua tena, mpaka robo tatu, ili ule ubufu upate kifua. Tukarekodi wimbo wa kwanza mara nne, na mara zote nne haukufaa.

Mchana tukala ugali wa muhogo na samaki. Nilikula sana, nikalala kwenye benchi la nyuma. Sina aibu kusema nililala, nilikuwa nimetoka kwenye harusi ya siku mbili kule Ukata na bado masikio yalikuwa huko. Niliamshwa na sauti kutoka nje, tu, tu, tu, kavu na nzito, sauti ninayoijua kuliko jina langu.

Nilikwenda mlangoni. Mzee alikuwa ameitoa ngoma ya mguu, ameilaza kwenye mawe mawili nyuma ya jiko la parokia, ngozi imeelekea moto wa mabua. Anaizungusha taratibu, anagonga kwa kidole, anasikiliza, anazungusha. Nikiwa mtoto kule Matiri, wanaume walipotoka kucheza mganda, kazi yangu ilikuwa kubeba majani makavu ya kupashia ngoma moto. Baba hakuwahi kupiga ngoma baridi. Alisema ngoma baridi ni mtu aliyeamshwa kabla hajashiba usingizi. Niliposimama pale mlangoni nilijisikia vizuri kwa mara ya kwanza siku ile. Nilijua kabisa kinachotendeka. Nikaenda kunawa uso.

Niliporudi, ngoma ilikuwa mahali pake, mzee amekaa, mwalimu yuko tayari, kamati imetulia. Maiki mzee aliirudisha mwenyewe ndani ya tundu. Niliona kwamba imeingia zaidi ya nilivyoiweka, imesogelea ngozi. Niliona, narudia. Na kila fundi anajua kwamba ngoma ikihamishwa hata kidole kimoja unapima upya. Ngozi iliyokuwa inanong'ona sasa ingepiga kelele, na bomba nililolifungua robo tatu kwa ajili ya mnong'ono lilikuwa bado wazi vilevile. Nilipaswa kuinuka, kuirudisha maiki, kumwomba apige peke yake, kukishusha kitufe. Dakika tano. Lakini watu walikuwa tayari, na miguu yangu ilikuwa mizito, na niliiambia nafsi yangu itakuwa sawa. Vitaa vyekundu vilikuwa chini ya plasta. Hedfoni niliziweka shingoni, sikio likapumzika.

Akapiga.

Sijui niseme nini kuhusu alivyopiga. Nimesikia wapigaji wengi, wenye vyombo vipya na viatu vya bei. Mzee huyu alikuwa hana haraka. Mguu ulikuwa unatembea kama mtu anayejua njia ya kwao, na kila mara kabla ya kiitikio alikuwa anauchelewesha kidogo, unywele mmoja tu, halafu ngoma inatua na kanisa zima linashuka nayo. Mama mwenyekiti alisimama. Katibu alisahau kuuliza maswali. Mwalimu aliinua uso kutoka kwenye kinanda, akacheka, akasema, "Hapo sawa, mzee." Tulirekodi nyimbo zote sita bila kurudia hata mmoja. Tulipomaliza mzee alinitazama, nami nikamwonyesha dole gumba.

Siku ya pili waimbaji waliimba wakisikiliza kinanda peke yake kwenye spika ndogo, drams sikuzifungua. Nikafunga vitu, nikapanda zangu Mbinga.

Niliisikia rekodi ile asubuhi ya siku ya tatu, chumbani kwangu, jirani akiwa kwenye chai. Nilifungua ngoma ya mguu peke yake. Ilikuwa kama mtu anachana mfuko wa saruji. Kila pigo lilikuwa limepasuka kichwani, hakuna tumbo, hakuna kishindo, ni mchaniko mtupu, wimbo wa kwanza hadi wa sita. Nikavaa hedfoni upande wa kushoto, nikavua, nikavaa tena. Nikabandua plasta kwenye mikisa, sijui kwa nini, saa hiyo haikuwa na msaada wowote. Majuto ni mjukuu.

Kulikuwa na njia mbili za haki. Ya kwanza ni kupiga simu na kusema, nimeharibu, narudi kurekodi upya kwa gharama yangu. Barabara ilikuwa nzima, gari lilikuwepo, jubilei ilikuwa bado miezi mitatu. Kilichokosekana ni ujasiri wangu. Mtu aliyeitwa hakimu anaona haya kurudi kusema alikuwa amelala.

Njia ya pili ilikuwa zile maiki mbili za kwenye kasia. Zilikuwa mbali, hazikumwagika. Nilizifungua peke yake nikasikia drams zote zikiwa nzima, matoazi, ngoma ndogo, na chini kabisa ngoma ya mguu, laini, ya mbali kidogo, kama jirani anatwanga uani kwake. Ilikuwa ya kweli. Lakini nilikumbuka macho ya kamati, nikawaza watasema ni dhaifu, watasema afadhali kinanda, na mzee atatolewa kwenye kigoda kwa ajili yangu.

Kwa hiyo nikatafuta ile du moja ya kinanda, ile mwalimu aliyoibonyeza asubuhi wakati wa kupima. Nikaikata. Nikaanza kuipachika mahali pa kila pigo la mguu wa mzee, wimbo baada ya wimbo. Ilinichukua siku mbili. Mapigo yaliyochelewa niliyanyoosha, kwa sababu sauti ya mashine ikichelewa inaonekana kama kosa. Niliyanyoosha yote, nikajisemea namwokoa.

Mama mwenyekiti alinipigia wiki iliyofuata, mafuta yakichemka. Kamati imesikiliza na hakuna aliyepinga. Hata wale wa kinanda wamekiri kwamba hawakujua drams zinaweza kuwa safi namna ile. Mzee anabaki. Alinishukuru mpaka nikaondoa simu sikioni. Siku ile nilikula vizuri na kulala vizuri, sitasema uongo mwingine.

Baada ya mwezi na nusu hivi mzee alinijia mwenyewe. Alikuwa amepanda basi la asubuhi, ana kimfuko cha usipa wakavu, dagaa wa kule ziwani, na koti aliloazima ambalo mikono yake ilikuwa mirefu. Nikamwamkia, akaitikia, akanipa mboga. Alisema kule kwao wanaisikia albamu kwenye simu na redio ndogo, naye alitaka kuisikia mara moja tu kwenye spika za fundi. Jirani alikuwa hajaanza kazi. Sikuwa na kisingizio.

Nikaweka wimbo wa kwanza. Alivua kiatu cha kulia, akakaa mikono magotini, na mguu ukaanza kupiga sakafu pamoja na wimbo. Ubeti wa kwanza ukapita. Kwenye kiitikio mguu ukasimama. Ukaanza tena, ukasimama tena. Aliuacha wimbo umalizike.

"Huyu anayepiga chini ni nani?"

"Ni wewe, mzee."

Alinitazama bila hasira. Alisema kwamba pale kabla ya kiitikio yeye huchelewa kidogo. Anachelewa makusudi, ili akina mama wapate kuvuta pumzi, maana wengine ni watu wazima na wana vifua. Ameanza kufanya hivyo zamani na hajawahi kumwambia mtu. "Huyu hachelewi," akasema.

Nikamwambia yote. Plasta, robo tatu, maiki niliyoiona nikanyamaza, ile du ya kinanda. Nilisema nikiwa nimetazama waya chini. Akaomba kusikia iliyoharibika. Nikamwekea, naye akasikiliza mchaniko ule wote bila kukunja uso, akasema kumbe alipiga kwa nguvu hivyo. Kisha nikamwekea zile maiki mbili za kwenye kasia, peke yake. Hapo mguu wake ulianza tena, na haukusimama. Kwenye kiitikio ulichelewa, ukatua.

"Hii si ndiyo yenyewe?" akauliza wimbo ulipokwisha. "Mbona hukuwapa hii?"

"Niliogopa watasema ni dhaifu."

Nje tukasikia jirani anaburuta mabomba yake. Halafu mzee akanieleza kilichomleta, maana hakuja kusikiliza tu. Tangu albamu itoke, kila Jumapili baada ya ibada wanamwambia apige kama alivyorekodi. Wanasema siku ile alipiga vizuri, sasa amelegea. Asubuhi za unyevu wanamwambia ni uvivu. Amejitahidi, amekaza ngozi mpaka ikachanika akaweka nyingine. Amefika kufikiri labda uzee umemwingia ghafla, ndiyo maana akapanda basi, aje ajisikilize ajue alipokuwa anakosea. Mwalimu, kwa wema wake, ameanza kumsaidia, akibonyeza ile du ya kinanda chini ya ngoma yake.

Nilitamani ardhi inimeze. Nikasema nitashuka naye leoleo, nisimame mbele ya kamati niseme.

"Ukisema sasa," akajibu, "watasema hata siku ya kurekodi nilishindwa, nikabebwa na mashine. Acha tu, fundi."

Alisema kweli. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa fupi kweli, ila mwisho wake ulimfikia mwingine. Nilimnakilia zile nyimbo sita za kwenye kasia kwenye flashi. Hakuwa na chombo cha kuipigia. Aliitia kwenye mfuko wa shati, akafunga kifungo, akavaa kiatu. Nilimsindikiza stendi. Njiani tuliongea habari za mvua na bei ya mahindi.

Jubilei ilipofika waliniita nikasimamie sauti. Nilikwenda, ningekataaje. Uwanja ulikuwa umejaa, turubai mbili, mapadre kutoka kila upande, akina mama wa kwaya wamevaa vitenge vipya. Drams ziliwekwa mbele, zimefutwa zinang'aa, na mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, peku, katika nafasi yake ileile. Nilifika mapema. Nilikuwa nimejiapiza kwamba safari hii nitaweka kila maiki kwa kamba, nitapima mara mbili, na sitaziba taa yoyote hata katibu aniulize mpaka jioni.

Nikaweka ya ngoma ndogo. Nikaweka za juu. Nikapiga magoti mbele ya ngoma ya mguu na maiki yangu mkononi, nikitafuta tundu.

"Hiyo usiweke, fundi," mzee akasema juu yangu, taratibu, kama anayemwambia mtu asijisumbue na chai. "Ya chini siku hizi inatoka kwenye kinanda. Mimi nimebaki na hizi za juu."

Nikamtazama usoni. Akatabasamu kunisaidia.

"Si nakaa?" akasema.

Ibada ikaanza. Nilikuwa nyuma kwenye mikisa, vitaa vyote wazi, kijani tupu. Kinanda kilipiga du, du, du, safi, imenyooka, na mzee akagusa matoazi na ngoma ndogo juu yake. Walipokaribia kiitikio nilimtazama mguu wa kulia. Ulikuwa umetoka kwenye pedali, uko chini kwenye udongo, na ulikuwa unapiga. Ukachelewa kidogo. Ukatua. Akina mama walikuwa wameshatangulia na mashine, wengine wakikohoa.

Ile maiki ya ngoma ya mguu ilikuwa bado mkononi mwangu. Nilitamani kwenda kuiweka pale chini, kando ya kisigino chake. Sikwenda.